Kuitoa Injini na Giaboksi Nyumbani

Wenye motakaa wengi wakaao mbali na gereji huona heri kuitoa injini wenyewe, uani kwao, kuliko kukodi gari la kuivuta hadi mjini. Si vibaya, kwa maana kazi yenyewe haina siri. Lakini injini ya pikapu ikiwa pamoja na giaboksi yake yaweza kupita kilo 150, na uzito huo ukiponyoka hauchagui mguu wa fundi wala wa mtoto aliyekuja kutazama.

Shemeji yangu alitaka kuitundika yake kwenye boriti ya ghala la mahindi. Mnyororo ulipoanza tu kukaza, boriti ililia, nasi tukakimbia. Boriti ile iliwekwa ibebe mabati. Tawi la mwembe nalo si la kuaminiwa, hata likiwa nene. Afadhali kuazima kapi ya mnyororo iliyoandikwa uzito iwezao kuuchukua, nusu tani au zaidi, na kuitundika juu ya miguu mitatu ya chuma. Miguu hiyo ifungwe pamoja chini kwa mnyororo, isije ikatanuka.

Motakaa na isimame mahali tambarare, pagumu. Injini ikiisha kupoa, fungua waya wa betri, ule wa hasi kwanza, kisha mwaga maji na mafuta, ya giaboksi pia, kwani giaboksi ikiinama humwaga mafuta kwa nyuma. Mrija wa petroli uzibwe. Koroboi na sigara vikae mbali. Kila waya ufungiwe kikaratasi chenye jina lake. Mimi niliwahi kuitegemea kumbukumbu yangu, nikapoteza Jumapili mbili.

Kwa kazi ya uvunguni, jeki ni ya kuinulia tu. Asiingie mtu chini kabla motakaa haijakaa juu ya stendi za chuma, wala matofali yaliyopangwa si stendi. Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau: katika motakaa inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela ikiisha kuondolewa, kutia gia hakuizuii tena. Hubaki breki ya mkono na vigingi vya magurudumu. Basi vigingi viwekwe kabla ya kuigusa propela.

Kazi ya chini ikiisha, ishushe motakaa isimame kwa magurudumu yake. Kaza mnyororo mpaka uubebe uzito, ndipo ufungue bolti za mwisho zinazoishikilia injini. Inua kidogo, simama, utazame kama kuna waya au mrija uliosahauliwa. Injini ikipita juu ya boneti, ondoa vigingi, uisukume motakaa irudi nyuma, kwani kuisogeza miguu mitatu yenye mzigo ni kuitafuta ajali. Kisha ishushe injini mara moja juu ya mbao. Hapo chini ndipo giaboksi itengwe, ikivutwa sawasawa na kushikiliwa na watu wawili. Ikiachwa ining'inie kwa shafti yake, sahani ya klachi hupinda.