Avoka wa Knights of Columbus: mtu anayeruhusiwa kumwambia mkubwa "ngoja"

Chama kinaanza kuvunjika siku gani? Mara nyingi si siku ile feza inapotea. Ni siku ile mkubwa wa chama anasema "tumekwisha kukubaliana", na hakuna mtu anayesubutu kuuliza: tumekubaliana lini, na kwa sheria gani? Wenye kuwa katika likelemba, mutuelle ama vyama vya parokia wanajua jambo hilo vizuri.

Kule Marekani, chama kimoja kikubwa cha wanaume Wakatoliki kimemweka mtu wa kuuliza swali hilo. Chama chenyewe kinaitwa Knights of Columbus, na kwa Kifaransa Chevaliers de Colomb. Leo kina wanachama zaidi ya milioni 2 katika nchi mbalimbali. Kila tawi lake linachagua viongozi kila mwaka: mkubwa wa tawi, naibu wake, katibu, mtunza feza na wengine. Kati yao kuna mmoja anayeitwa avoka. Yeye ndiye mshauri wa tawi kwa mambo ya sheria na kwa utaratibu wa mikutano.

Ili kuelewa sababu ya kazi hiyo, tunapaswa kurudi mwaka wa 1882, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Padri Michael McGivney alikuwa kijana bado, hajafikisha miaka 30. Wakristo wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland na watoto wao, watu wa kazi ngumu na mshahara mdogo. Baba akifa, mjane alibaki bila kitu, na mahakama iliweza kuamua kwamba watoto walelewe mbali na mama yao. Mwaka ule padri huyo alikwenda mahakamani mwenyewe kusaidia familia moja iliyofiwa baba, ili kijana wao asichukuliwe. Tarehe 29 mwezi wa tatu mwaka huo huo, chama alichoanzisha pamoja na waamini wa parokia yake kilipata kibali cha serikali ya Connecticut. Wanachama walitoa michango, na mwenzao akifa, familia yake ilisaidiwa. Padri McGivney alifariki mwaka wa 1890, na Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 31 mwezi wa kumi mwaka wa 2020.

Basi tangu mwanzo, feza ya chama hiki ilikuwa feza ya wajane na yatima. Feza ya namna hiyo haichezewi. Ndiyo maana kazi zake zimegawanywa: mmoja anapokea michango, mwingine anaitunza, na wengine wanakagua vitabu mara mbili kwa mwaka. Avoka hashiki hata franga moja. Yeye anashika kitabu cha sheria.

Tuchukue mfano. Nyumba ya mwanachama imeungua usiku. Katika mkutano, ndugu mmoja anasimama na kusema: "Tumpe feza yote iliyo katika sanduku, leo leo." Watu wanapiga makofi, na mkubwa wa tawi anataka kufunga jambo. Hapo avoka anainua mkono. Anakumbusha kwamba sheria za chama zinataka feza nyingi itangazwe katika mkutano mmoja, na kupigiwa kura katika mkutano unaofuata, ili hata wale wasiokuwepo wapate kusikia. Wengine wananung'unika: huyu hana huruma.

Lakini avoka mwema hakomei kwenye "hapana". Anaonyesha njia: leo kila mmoja atoe mfukoni mwake kadiri awezavyo, kikapu kizunguke, ndugu apate kulala mahali pazuri. Feza ya sanduku itangazwe leo, na mkutano ujao uamue. Hivyo aliyeunguliwa anasaidiwa, na mjane wa kesho anakuta sanduku halijamalizwa kwa makofi ya jioni moja.

Kwa utaratibu wa mikutano, kitabu kinachofuatwa sana Marekani kiliandikwa na mwanajeshi, injinia Henry Martyn Robert, kikatoka mwaka wa 1876. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1863 aliombwa ghafla kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, akashindwa kutuliza watu, akarudi nyumbani na haya. Tokea siku hiyo akaanza kutafuta kanuni. Nyingi ni rahisi: jambo moja kwa wakati mmoja, aliyekwisha kusema awaachie kwanza ambao hawajasema, kufunga mazungumzo kwa nguvu kunahitaji theluthi mbili za kura. Wengi wanaamua, lakini wachache lazima wasikilizwe.

Kazi ya avoka ina mpaka wake. Yeye anashauri, mwenye kiti ndiye anayeamua, na wanachama wanaweza kupinga uamuzi huo kwa kura. Pia, si lazima awe amesoma sheria chuoni. Kama tawi linataka kutia sahihi mkataba wa nyumba, ama limeshitakiwa, avoka asiye mwanasheria anapaswa kusema wazi: hapa tumtafute mwenye kazi yake. Kibaya zaidi ni avoka anayegeuza kitabu kuwa fimbo ya kunyamazisha wadogo. Aliye mwema humnong'oneza mkubwa mapema, kabla ya mkutano, kosa lisije likawa aibu mbele ya watu.

Kwa ngazi ya juu, sheria ilikilinda hata kitu kikubwa kuliko sanduku. Mwaka wa 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kulazimisha watoto wasome katika shule za serikali tu. Masista wenye shule walikwenda mahakamani, na Knights of Columbus walisaidia gharama za kesi. Mwaka wa 1925 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria ile.

Kwetu Kongo, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 2001 inataka chama kisichotafuta faida kiwe na katiba yake. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 304, inadai kila chama cha waamini kiwe na katiba. Kwa hiyo karatasi tunazo. Mara nyingi zinalala kabatini kwa raisi, na wanachama hawajaziona tangu siku ya kuzitia sahihi.

Si lazima kuiga jina wala kofia za Wamarekani. Inatosha mkutano ujao umchague mtu mmoja asiyeshika feza, apewe katiba, akae karibu na raisi, na wote wakubaliane kwamba siku atakaposema "ngoja, tusome kwanza", hakuna atakayemwita adui.