Utatuzi wa Migongano ya Matoleo katika Ramani Huria: Mfano wa Mji Mkongwe, Unguja

1. Utangulizi

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, ilianza mradi wa kuipiga picha ardhi ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Picha zilizowekwa wazi kwa umma humwezesha mtu yeyote kuchora majengo na njia katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004. Hata hivyo, uhuru huo una gharama yake. Mchoraji aliyeko Vuga na mwenzake aliyeko Nairobi wanaweza kulihariri jengo moja kwa wakati mmoja bila kujuana. Makala haya yanafafanua namna mgongano wa aina hiyo unavyotokea, unavyotatuliwa, na mahali ambapo mashine hushindwa kuubaini.

2. Chanzo cha mgongano

Katika OpenStreetMap kila kipengele, kiwe nukta, mstari au uhusiano, kina namba ya utambulisho na namba ya toleo. Mhariri anapopakua kipengele hupata pia namba ya toleo lake. Anaporejesha mabadiliko, seva hulinganisha namba hiyo na iliyomo katika hifadhidata. Zikitofautiana, seva hukataa na kutoa jibu namba 409, yaani mgongano. Utaratibu huu uliingia pamoja na toleo la 0.6 la kiolesura cha mradi mnamo Aprili 2009. Kabla ya hapo aliyehifadhi mwisho ndiye aliyeshinda, na kazi ya mwenzake ilifutika pasipo onyo.

Hapa pana tofauti ya msingi na Git, programu ya udhibiti wa matoleo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huruhusu matawi yaachane, kisha huyaunganisha kwa kulinganisha matoleo mawili na asili yao ya pamoja. Mabadiliko yaliyo katika mistari tofauti ya faili huunganishwa bila kumuuliza mtu. Yanayogusa mistari ile ile ndiyo huachiwa binadamu. Seva ya OpenStreetMap haichunguzi ni sehemu gani ya kipengele iliyobadilika: namba ya toleo ikipitwa, kipengele chote hukataliwa.

3. Hatua za utatuzi

Chukulia mfano wa Beit el-Ajaib, jengo la Forodhani ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tuseme wahariri wawili wamelipakua likiwa toleo la 7. Wa kwanza, akitazama picha mpya, anaongeza nukta ili kurekebisha umbo la mstari. Wa pili, aliyefika mahali penyewe, anabadilisha lebo kuonyesha kwamba jengo halitumiki tena kama makumbusho. Wa kwanza anahifadhi na toleo la 8 linazaliwa. Wa pili anapojaribu kuhifadhi, anakataliwa.

Programu ya JOSM, inayotumiwa na wachoraji wengi wazoefu, humwonyesha safu tatu: toleo lake, toleo la mwenzake, na kati yake toleo linalounganishwa. Lebo hulinganishwa peke yake, na orodha ya nukta peke yake. Katika mfano huu suluhisho sahihi ni kuchukua nukta za wa kwanza na lebo za wa pili. Kosa la kawaida ni kuchagua upande mmoja kwa jumla ili kuharakisha kazi. Akichagua lake lote, umbo jipya linapotea. Akichagua la mwenzake lote, ushahidi wa aliyefika pale unapotea. Kwa kuwa dirisha hilo halionyeshi toleo la 7, inafaa mhariri afungue historia ya kipengele na kuona ni nani aliyebadilisha nini kabla ya kuamua.

4. Migongano isiyobainiwa na mashine

Migongano migumu zaidi haipingani na namba yoyote. Wachoraji wawili wakichora nyumba moja ya Ng'ambo, kila mmoja kama kipengele kipya, seva huzipokea zote mbili kwa kuwa utambulisho wao ni tofauti. Matokeo yake ni nyumba mbili juu ya msingi mmoja. Anayetumia ramani kukadiria idadi ya kaya zilizo katika hatari ya mafuriko atahesabu kaya ambazo hazipo. Kihakiki cha JOSM huweza kuonya kuhusu majengo yanayoingiliana, lakini onyo hilo humfikia tu aliyepakua data yote ya eneo husika.

Mgongano mwingine ni wa maana. Barabara inayoutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo iliitwa Creek Road, jina linalokumbusha mkono wa bahari uliofukiwa. Leo huitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Wahariri wawili wanaweza kubadilishana majina haya mara nyingi, kila mmoja akianza na toleo jipya kabisa, na seva isione tatizo. Suluhisho liko katika kanuni za jumuiya: jina linalotumika sasa huwekwa katika lebo «name», na la zamani katika «old_name». Kwa njia hiyo hakuna ukweli unaofutwa.

5. Kinga na hitimisho

Migongano hupungua pale mhariri anaposasisha data kabla ya kuhifadhi, anapohifadhi mabadiliko machache kila mara, na anapoandika maelezo yanayoeleweka. Kugawa eneo katika miraba, kila mmoja ukifungwa kwa mchoraji mmoja kwa muda, husaidia pia, ingawa majengo yaliyo mpakani hubaki na hatari ya kuchorwa mara mbili.

Kwa hiyo, namba ya toleo huzuia kazi isipotee kimyakimya, lakini haiamui ni ipi iliyo kweli. Uamuzi huo humhitaji mtu anayeweza kulinganisha picha, historia ya kipengele na hali halisi ya mahali. Hivyo basi, mafunzo ya wachoraji wa Unguja yanapaswa kuupa utatuzi wa migongano uzito sawa na uchoraji wenyewe, hasa katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimesongamana na majina ya mahali yamebeba historia.