Mshipi Kwanza, Ufito Baadaye

Juu kidogo ya mpini wa ufito wa kuvulia stilihedi huandikwa tarakimu chache, kwa mfano 7136-4. Hazina fumbo lolote. 7 ni namba ya mshipi unaoufaa ufito huo. 136 ni urefu wa ufito, futi 13 na inchi 6, yaani mita 4 na ushei. Na 4 ya mwisho ni idadi ya vipande vinavyochomekwa mpaka ufito ukamilike. Muuzaji wa Seattle au Portland atamsomea mgeni tarakimu hizo kwa pumzi moja, kisha atahamia kwenye sifa za kaboni iliyotumika na hatimaye kwenye bei, ambayo kwa fito za daraja la juu hupita dola 1,000.

Wavuvi wazoefu wa mito ya Oregon, Washington na British Columbia huanzia mahali pengine kabisa. Huuliza kwanza: mto gani, mwezi gani, na nzi bandia wa ukubwa gani? Majibu hayo ndiyo huamua mshipi. Mshipi ukishajulikana, ufito huchaguliwa mwishoni, na mara nyingi uamuzi huo ndio mwepesi kuliko yote.

Sababu ya kujihangaisha hivyo ni samaki mwenyewe. Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda baharini. Kisayansi wote wawili ni Oncorhynchus mykiss, na ndugu waliototolewa kwenye changarawe moja wanaweza kuachana njia: mmoja akabaki mtoni maisha yake yote, mwingine akashuka hadi Bahari ya Pasifiki. Huyo wa pili hukaa mtoni mwaka mmoja hadi mitatu kwanza, kisha hula na kunenepa baharini kwa muda kama huo kabla ya kurudi kwenye mto aliozaliwa, mgongo ukiwa na rangi ya chuma na ubavu ukimetameta kama fedha. Wengi hurudi wakiwa na kilo 2 hadi 5, na wachache hupita 9. Aliyeweka rekodi alivuliwa karibu na Bell Island, Alaska, mwaka 1970, akiwa na kilo 19. Samoni wa Pasifiki hutaga mara moja na kufa, lakini baadhi ya stilihedi hunusurika, hushuka tena baharini na kupanda mto kwa mara ya pili.

Wakenya wanamfahamu jamaa yake. Trauti wa kahawia walipandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na trauti wa upinde wa mvua wakafuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Hadi leo kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, huzalisha vifaranga vyao. Kwenye vijito vinavyoshuka kutoka Mlima Kenya, ufito wa futi 8 wenye namba 4 au 5 unatosha na kubaki. Mkono mmoja unauendesha bila jasho, maji hayana upana wa kutisha, na samaki wa nusu kilo ni habari njema.

Stilihedi anahitaji zana za aina nyingine. Mto wake unaweza kuwa na upana wa mita 60 au zaidi, na akishaingia mtoni kutoka baharini hali sana. Humdaka nzi bandia kwa ghadhabu au kwa udadisi, si kwa njaa. Kwa hiyo mvuvi hana budi kumpitishia nzi mbele ya pua, polepole na kwa kina kilekile alicholala, tena bila kujua amelala wapi. Hurusha, huacha mkondo uburute nzi hadi upande wa ukingoni, husogea hatua mbili kufuata maji, hurusha tena. Siku nzima ni hivyo, mamia ya mirusho, na wakati mwingine hakuna samaki hata mmoja.

Hapa ndipo mshipi unapochukua usukani. Mvuvi wa mshipi wa Pwani, awe Lamu au Kilwa, hufunga chubwi la risasi karibu na ndoana. Chubwi hutangulia na kuuvuta mshipi nyuma yake. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, hana uzito wa kuvuta chochote. Kwa hiyo uzito huwekwa ndani ya mshipi wenyewe: uzi wa nailoni uliovikwa ngozi ya plastiki, mnene mahali, mwembamba mahali. Ufito hukunjwa na uzito huo, hujinyoosha kwa nguvu, na mshipi huruka ukimbeba nzi. Uzito ukipungua, ufito haupindi na mrusho unafia miguuni. Ukizidi, ufito unalegea na mshipi unaanguka majini kwa kishindo.

Ili wanunuzi wasibahatishe, watengenezaji wa Marekani walikubaliana mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuipa mishipi namba kwa kupima futi 30 za mwanzo. Kipimo chao ni greni, na greni 7,000 hufanya ratili moja. Mshipi wa namba 5 una greni 140, yaani gramu 9. Namba 7 una greni 185, gramu 12. Namba 8 una greni 210, karibu gramu 14. Kwa fito za mkono mmoja hesabu hii inatosha: ufito wa namba 8, mshipi wa namba 8, kazi imekwisha.

Kwa fito ndefu za mikono miwili mambo hubadilika, na hapo ndipo wageni wengi hupotezea fedha zao. Ufito wa namba 7 wenye futi 13 huendeshwa vizuri na kichwa cha mshipi, yaani sehemu yake nzito ya mbele, chenye greni 500 hadi 550, sawa na gramu 32 hadi 36. Namba ni ileile 7, lakini uzito ni karibu mara tatu ya ule wa mkono mmoja. Anayenunua kwa kutazama namba peke yake atatoka dukani na mshipi usioweza hata kuuamsha ufito wake. Ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi hutaja kiwango cha greni ambacho ufito unakubali, na mnunuzi makini huulizia kiwango hicho kabla ya kuulizia rangi na jina la kampuni.

Fito hizo ndefu zina asili ya Uskoti. Kwenye mto Spey, katika karne ya 19, wavuvi wa samoni walikuwa na kingo za juu na miti nyuma ya migongo yao, hawana nafasi ya kuutupa mshipi nyuma. Wakabuni mrusho ambao mshipi hauendi nyuma kabisa. Huviringika tu kando ya bega na kurudi mbele. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, mrusho huo ukapata makazi mapya upande wa Pasifiki.

Mto Deschutes wa Oregon unaonyesha sababu. Sehemu yake ya chini hupita kwenye korongo kavu la mawe meusi, lakini kandokando ya maji kuna ukuta wa miti, na sheria hairuhusu kuvua ukiwa ndani ya mashua. Mvuvi lazima ashuke, asimame majini hadi mapajani, miti ikimgusa mgongoni. Tuseme mkondo unatoka kushoto kwenda kulia. Mshipi wake umenyooka upande wa kulia, kule maji yanakoelekea. Ananyanyua ncha ya ufito taratibu, anauvuta mshipi na kuulaza mbele yake, upande wa kushoto. Kisha anaufagia ufito kurudi kulia na kuuzungusha juu ya bega, mshipi ukitengeneza tumbo kubwa kando yake huku ncha yake ikiwa bado imeshikwa na maji. Mshiko huo wa maji ndio unaoukunja ufito. Mkono wa juu unasukuma kidogo, wa chini unavuta kwa nguvu kuelekea tumboni, na mita 25 za mshipi zinaondoka bila jani hata moja kuguswa.

Mishipi inayotumika kwa mrusho huo ina koo nyingi, lakini mbili ndizo zinazotawala. Wa kwanza ulipewa jina la mto Skagit, Washington. Miaka ya 1990 wavuvi wa huko, Ed Ward akiwa miongoni mwao, walichoka kurusha nzi wakubwa wa majira ya baridi kwa mishipi mirefu myembamba. Wakakata, wakaunga, wakapima tena, mpaka wakapata kichwa kifupi kinene cha futi 20 hadi 25 hivi. Mbele yake hufungwa ncha ya kuzama iliyochanganywa na unga wa madini ya tungsteni. Ncha iitwayo T-14 ina greni 14 kwa kila futi, kwa hiyo futi 10 zake peke yake zina uzito sawa na futi 30 za mwanzo za mshipi wa trauti wa namba 5, na huzama zaidi ya sentimita 20 kwa sekunde. Kunyanyua mzigo huo kutoka majini kunataka unene na uzito, na kichwa cha Skagit kinavyo vyote viwili.

Ukoo wa pili ni wa Skandinavia, na jina linalotajwa sana ni la Msweden Göran Andersson. Kichwa chake ni kirefu zaidi, futi 30 hadi 40, kinachongoka taratibu mpaka mbele, na kwa ufito uleule huwa chepesi kidogo kuliko Skagit. Hutua majini bila kelele. Humbeba nzi mdogo kwa adabu, lakini kikifungwa ncha nzito ya kuzama hugoma.

Kuchagua kati ya koo hizi ni kusoma majira. Stilihedi wa kiangazi huingia mtoni kuanzia Mei hadi Oktoba, maji yakiwa na nyuzijoto 10 hadi 15. Samaki ana nguvu, yuko tayari kupanda juu, na mshipi wa kuelea wenye kichwa cha Skandinavia na nzi mdogo anayepita karibu na uso wa maji unatosha. Asubuhi kabla jua halijafika majini na jioni baada ya jua kujificha ndiyo saa zake. Stilihedi wa baridi huja kuanzia Novemba hadi Aprili, mto umejaa, umechafuka, na una nyuzijoto 4 au 5. Samaki amepoa, hasogei mbali, hivyo nzi mkubwa lazima ashuke mpaka alipo. Hapo Skagit na ncha ya kuzama hazina mpinzani.

Si kila mto unadai mikono miwili. Stilihedi walipandikizwa pia kwenye mito inayoingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kama Pere Marquette wa Michigan, na maji mengi ya huko ni membamba. Ufito wa mkono mmoja wenye futi 10 na namba 7 au 8 unafaa zaidi, pamoja na mshipi wa kuelea ambao sehemu yake nzito iko mbele. Kati ya pande hizo mbili ziko fito za futi 11 hivi, zinazoendeshwa kwa mkono mmoja au miwili kadiri mto unavyotaka. Kwa mito ya ukubwa wa kati zinasaidia, ila kwenye mto mpana huachwa nyuma na ndugu zao warefu.

Baada ya hayo yote, ufito wenyewe hauna maswali mengi. Anayetumia Skagit hupenda ufito unaopinda hadi karibu na mpini, kwa sababu mzigo wake huvutwa polepole. Wa Skandinavia hupenda ufito mgumu unaopinda zaidi juu. Rili, yaani kigurudumu cha kuhifadhia mshipi, iwe na uzito wa kuusawazisha ufito mrefu usiinamie mbele, breki laini, na nafasi ya mita 150 za uzi wa akiba, maana stilihedi aliyetoka baharini karibuni hukimbia mbali. Uzi mwangavu unaomshika nzi uwe wa futi 9 hadi 12 kwa mshipi wa kuelea, lakini futi 3 au 4 tu mbele ya ncha ya kuzama. Ukiwa mrefu, ncha itazama na nzi atabaki juu.

Kuna wanaojivunia kupambana na samaki mkubwa kwa ufito mwepesi. Kwa stilihedi fahari hiyo ina gharama. Makundi kadhaa ya stilihedi wa asili yamo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 1997, na katika sehemu kubwa ya Oregon na Washington stilihedi wa asili lazima arudishwe mtoni. Washington inakataza hata kumtoa mzima nje ya maji. Samaki wa vituo vya kuzalishia hutambulika kwa pezi dogo la mgongoni lililokatwa kabla hawajaachiliwa. Samaki aliyevutwa kwa muda mrefu hurudi mtoni amechoka kupita kiasi, na wengine hufa baadaye. Namba 7 au 8 humaliza pambano mapema, na ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kupindwa kidogo.

Mgeni anayetaka kununua mara moja tu, kwa mito ya wastani na mikubwa ya Pasifiki, anaweza kuchukua ufito wa mikono miwili wa futi 12 na nusu hadi 13, namba 7, wa bei ya kati. Rili moja yenye mshipi mwembamba wa nyuma inatosha, kwa kuwa vichwa hubadilishwa kwa kitanzi: kimoja cha Skandinavia kwa Septemba, kimoja cha Skagit kwa Januari, na ncha mbili za kuzama, moja nyepesi na nyingine nzito. Vichwa vyote viwili vipimwe dhidi ya kiwango cha greni cha ufito huo kabla ya kulipa. Pesa itakayobaki itumike kumlipa mwalimu wa kurusha kwa siku moja, maana kosa la mkono halirekebishwi na ufito wa dola 1,000.