Tangi la pili kwenye pikapu: faida au mzigo?

UKIENDA mnadani Meserani, wilayani Monduli, hutakosa kuiona Land Rover 109 imeegeshwa pembeni, bodi imepondekapondeka lakini injini bado inanguruma. Magari haya yalianza kutengenezwa miaka ya 1950, na toleo la Series III lilifikia mwisho mwaka 1985. Hata hivyo, wafugaji na wafanyabiashara wa mazao bado wanayategemea kwenye njia ambazo gari dogo haligusi. Oktoba 2024, jiji la Arusha lilifanya hata tamasha la magari hayo.

Wenye magari haya, na wenzao wa Toyota Hilux na Peugeot 504 za zamani, wana swali moja wanalowauliza mafundi mara kwa mara: niongeze tangi la pili la mafuta?

Fundi atakujibu kama inawezekana. Kama inalipa, hilo ni swali la daftari, na ndilo tutakaloliangalia leo.

Tangi halipunguzi ulaji wa mafuta

Kwanza tuondoe dhana moja. Tangi la pili halifanyi gari lile mafuta kidogo. Kinachobadilika ni mahali unaponunulia. Linakuwezesha kununua mafuta yote mjini, kwenye pampu, badala ya kununua kijijini kwenye madumu kwa bei ya mwenye dumu.

Hapa Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana wilaya kwa wilaya kutokana na gharama za usafirishaji. Lakini muuza mafuta ya dumu nyuma ya duka huuza anavyoona soko. Tofauti kati ya bei yake na ya pampuni ndiyo faida yako, tena kwa zile lita ambazo ungelazimika kuzinunua kwake tu. Wengi hukosea hapa. Hupiga hesabu kwa ukubwa wa tangi zima.

Hesabu ya mfanyabiashara wa mazao

Tuchukue mfano. Pikapu yako ya dizeli ina tangi la lita 45, na ikiwa kazini inakwenda kilomita 8 kwa lita moja. Kijiji unakonunua mahindi kiko kilomita 150 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni kilomita 300, yaani lita 37.5. Ukifika huko unazunguka kukusanya magunia, unatumia lita 20 nyingine. Jumla ni lita 57.5. Umepungukiwa karibu lita 13.

Kama dumu la kijijini limezidi bei ya pampuni kwa shilingi 500 kwa lita, kila safari inakupotezea shilingi 6,500. Kwa safari nne kwa mwezi ni shilingi 26,000. Fundi akikuambia tangi jipya, koki, mabomba na ufundi ni shilingi 900,000, itakuchukua karibu miaka mitatu kurudisha fedha hiyo, na hapo ni kama unasafiri kila mwezi bila kukosa. Kwa mtu wa aina hii, dumu moja imara la lita 20 la dizeli, lenye kifuniko kisichovuja na lililofungwa vizuri kwenye bodi, linatosha. Asibebe petroli kwa namna hiyo ndani ya kebini hata siku moja.

Sasa mchukue mwenzake anayekaa kijijini wiki nzima kila safari, akizunguka vitongoji na kutumia lita 40 hukohuko. Huyu anapungukiwa lita zaidi ya 32. Kwa tofauti ileile ya bei anapoteza zaidi ya shilingi 16,000 kwa safari, au takriban 65,000 kwa mwezi. Gharama yake inarudi kwa miezi 14 ya kazi. Lakini kama msimu wake ni miezi minne kwa mwaka, miezi hiyo 14 ni misimu mitatu na nusu!

Mwenye Land Rover 109 ana nafuu yake. Tangi la kawaida la pikapu hiyo, la galoni 10 au lita 45 hivi, limo chini ya kiti cha mbele, na upande wa pili kuna nafasi ya tangi la aina hiyohiyo. Kiwanda chenyewe kilitoa baadhi ya magari yakiwa na matangi mawili na koki ya kubadilishia. Akipata tangi zima lililotumika na kazi yote ikamgharimu, tuseme, shilingi 350,000, kwa safari kama za huyu wa pili fedha yake inarudi ndani ya miezi sita ya kazi.

Bei hizi ni za mfano. Weka zako, hesabu itabaki ileile.

Gharama zisizoonekana

Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Lita 45 ni karibu kilo 38, na ukijumlisha tangi lenyewe unakaribia nusu gunia la mahindi. Habari njema ni kwamba ukijaza mjini unakwenda na mafuta mengi huku gari likiwa tupu, na unarudi na mzigo mafuta yakiwa yamepungua. Anayepeleka mbolea na saruji kijijini ndiye atakayeuhisi uzito huo.

Gharama nyingine ni fedha iliyolala. Lita 45 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 135,000 zilizofungiwa ndani ya bati. Kama mtaji wako ni mdogo, jiulize fedha hiyo ingenunua magunia mangapi.

Upande wa pili wa mizani, kuna hasara ya kukwama. Mwenye matenga 30 ya nyanya akilala njiani usiku mmoja kwa kukosa mafuta, na kila tenga likashuka bei kwa shilingi 5,000, ameshapoteza shilingi 150,000. Kwa nyanya na maziwa, tangi la pili ni kama bima. Kwa mahindi makavu, gulio la leo likikupita, la wiki ijayo lipo.

Ukiamua kufunga

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuunganisha matangi yote kwa bomba moja chini ili mafuta yajisawazishe. Ni rahisi, lakini bomba likitoboka unapoteza mafuta yote, na ukiuziwa mafuta machafu yanaingia kote. Njia ya pili ni koki ya kuchagua tangi. Hii ni bora zaidi, kwa sababu ukigundua mafuta uliyouziwa yamechakachuliwa au yana maji, unahamia tangi la pili na kuendelea na safari.

Kwa injini ya petroli yenye kabureta, mara nyingi koki ya njia tatu inatosha. Kwa dizeli, angalia sana. Injini ya dizeli hurudisha mafuta ya ziada kwenye tangi. Ukibadili bomba la kuvutia na kusahau la kurudishia, injini itavuta tangi moja na kumimina kwenye jingine hadi lifurike barabarani. Mwambie fundi aweke koki ya njia sita, inayobadili mabomba yote mawili kwa pamoja.

Mambo mengine ya kumsimamia fundi:

- Tangi la dizeli lisitengenezwe kwa mabati yenye zinki. Dizeli huila zinki, na uchafu wake huziba filta na kuharibu nozeli.
- Tangi kubwa liwe na kuta za ndani zenye matundu, ili mafuta yasiyumbe na kulivuta gari kwenye kona.
- Liwe na bomba la kupumulia. Bila hewa kuingia, injini itazima njiani ilhali mafuta yapo.
- Liwe mbali na ekzosi, lisining'inie chini kuliko difu, na liwekewe mpira mahali linapogusana na chesisi.
- Liwe na nati ya chini ya kutolea maji na tope.
- Tangi la zamani lisichomelewe kabla halijaoshwa na kuondolewa mvuke wote. Tangi tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa.

Baada ya kufunga, tumia matangi yote kwa zamu. Mafuta yaliyokaa muda mrefu hukusanya maji. Kwenye dizeli, badili tangi kabla la kwanza halijakauka kabisa, maana mfumo ukiingia hewa utalazimika kuitoa ndipo gari liwake. Mjulishe pia wakala wako wa bima kwamba gari limefanyiwa mabadiliko.

Anza na daftari

Kabla ya kwenda gereji, chukua daftari la shilingi chache. Kwa miezi miwili andika kila safari: kilomita, lita ulizonunua mjini, lita ulizonunua kijijini na bei ya kila mahali. Mwisho wa miezi hiyo, zidisha lita za kijijini kwa tofauti ya bei, kisha uone gharama ya fundi itarudi baada ya muda gani. Ikizidi misimu miwili na mzigo wako hauozi, fedha hiyo ina kazi bora kwingine.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hata mafuta ya gari ni mali.