Jezi ya Chupa Haiokoi Bahari

Kila kamati ya mbio za hisani inapokaribia kuagiza fulana zake, swali linalonifikia ni lile lile: fulana moja itumie chupa ngapi za plastiki, ili wakimbiaji waandikiwe mgongoni kwamba wanaokoa bahari? Wanaliuliza walimu wa michezo, wanaliuliza viongozi wa matawi ya klabu za mpira, na siku hizi wanaliuliza hata wachapaji wa Kariakoo wasiojua wamjibu nini mteja. Mimi ni mhandisi wa nguo. Kazi yangu ni uzi, rangi na kitambaa, na upole wa kulijibu swali hili umeniishia. Idadi ya chupa haikwambii lolote la maana kuhusu fulana, na kuhusu bahari haikwambii kitu kabisa.

Chupa ya maji na jezi ya poliesta ni plastiki ile ile, PET, ambayo Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliigeuza kuwa uzi mwaka 1941. Kwa hiyo chupa ikioshwa, ikasagwa na kuyeyushwa kwenye joto la nyuzi 260 hivi, inavutika kuwa uzi wa jezi. Teknolojia hii ni ya kweli, na wala si mpya. Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, Nike iliwavalisha Brazil, Ureno na Uholanzi jezi ambazo kila moja ilibeba hadi chupa nane zilizotoka kwenye madampo ya Japani na Taiwani. Mwaka 2016 adidas, pamoja na shirika la Parley, ikawavalisha Bayern Munich na Real Madrid jezi za plastiki iliyookotwa maeneo ya pwani. Picha zile zilizunguka dunia nzima, na tangu hapo kila mdhamini anataka zake.

Sasa twende kwenye kasoro, na ya kwanza ndiyo kubwa. Katika plastiki zote zinazotupwa nyumbani, chupa nyeupe ya maji ndiyo yenye mnunuzi. Waokota chupa wa Dar es Salaam na Mombasa wanaijua vizuri kuliko sisi wataalamu: wanaiacha mifuko laini, wanaziacha sahani za plastiki nyeusi, wanabeba chupa kwa sababu inauzika kwa kilo. Na chupa inaweza kurudi kuwa chupa, kisha ikarudi tena. Ukiifanya jezi, umeitoa kwenye mzunguko huo. Jezi mara nyingine imechanganywa na elasteni ili ivutike, imetiwa rangi, imebandikwa namba na nembo ya mdhamini kwa gundi na plastiki nyingine. Hakuna kiwanda cha kawaida kitakachoitenganisha. Duniani kote, nyuzi mpya zinazotokana na nguo kuukuu hazifiki hata asilimia moja ya nyuzi zote. Kwa hiyo chupa iliyokuwa na safari nyingi mbele yake imepewa safari moja, halafu dampo.

Wenye viwanda vya vinywaji wameliona hilo mapema. Umoja wa Ulaya umewataka kuanzia 2025 chupa za PET ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyorejelewa, na malighafi wanayoitafuta ni hiyo hiyo inayonunuliwa na watengeneza jezi. Mnapodai jezi ya chupa hamuondoi taka mtaani. Mnagombea bidhaa ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Kasoro ya pili ni hilo neno bahari. Plastiki nyingi inayouzwa kwa jina hilo haijawahi kuelea. Kipimo kinachotumika sana katika biashara hii ni taka iliyookotwa ndani ya kilomita 50 kutoka ufukweni, mahali ambapo ukusanyaji wa taka ni dhaifu. Chukua ramani uipime Dar es Salaam. Chupa iliyookotwa Ubungo, ya Gongo la Mboto, ya Kimara, zote zinastahili kuitwa za bahari. Kuziokota ni kazi njema, na mwokotaji astahili malipo bora kuliko anayopata. Lakini mkimbiaji anayesoma mgongoni mwa mwenzake anaelewa kwamba mtu alizamia akaitoa chupa majini, na hilo si kweli.

Ya tatu huwa inawashangaza hata watu wa biashara. Kampuni ya ushauri ya Quantis ilichambua mwaka 2018 hewa chafu inayotokana na kutengeneza nguo duniani. Kuzalisha nyuzi kulichukua asilimia 15. Kuandaa na kusokota uzi, asilimia 28. Kutia rangi na kumalizia kitambaa, asilimia 36. Poliesta iliyorejelewa kweli inatumia nishati ndogo kuliko ile inayotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya petroli, na sitaki mtu aseme nimelikataa hilo. Lakini hata ukiipunguza sehemu ya nyuzi kwa nusu, umegusa asilimia saba na ushee ya tatizo. Uzi wa chupa unapelekwa kwenye kiwanda kile kile cha rangi, unachemshwa kwa mgandamizo kwenye nyuzi joto 130 sawa na uzi mwingine, na mvuke unatoka kwenye boila ile ile ya makaa ya mawe. Hapo ndipo penye mzigo, na katika kamati zote zilizonipigia simu hakuna hata moja iliyoniuliza habari za rangi.

Halafu fulana inafika nyumbani na kuanza kufuliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walionyesha mwaka 2016 kwamba mzigo wa kilo sita za nguo za poliesta kwenye mashine unaweza kumwaga karibu nyuzinyuzi 500,000, ndogo kiasi kwamba huzioni. Uzi wa chupa haujapona hapo. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2020 ulipima vitambaa vya kufuma na kukuta ule uliorejelewa ukimwaga zaidi ya mara mbili ya ule mpya. Sisi wengi tunafua kwa mikono, na hiyo ni nafuu yetu: utafiti wa China wa 2023 ulikuta kufua poliesta kwa mikono kunamwaga vipande 1,853 hivi pale ambapo mashine inamwaga zaidi ya 23,000. Ila kuloweka, kuongeza sabuni na kusugua kwenye ubao viliiongeza idadi hiyo. Maji ya beseni Buguruni yanamwagwa mtaroni, mtaro unashuka Mto Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini pale Salenda. Fulana iliyoandikwa kwamba inaokoa bahari inapitisha plastiki yake njia hiyo kila inapofuliwa, na mtu anayelipia maandishi hayo ana haki ya kuambiwa.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni wingi. Mkimbiaji mzoefu wa Dar ana rundo la fulana za mbio asizozivaa: saizi haikumkaa, imejaa nembo za wadhamini mbele na nyuma, ina mwaka na tarehe, na wiki inayofuata anapewa nyingine. Klabu nazo zinatoa jezi ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, kila msimu, na shabiki anaona aibu kuvaa ya mwaka jana. Wakati huo huo marobota ya mitumba yanaingia kwenye masoko ya Gikomba na Karume yakiwa yamejaa fulana za mazoezi za Ulaya zilizopita njia hiyo hiyo. Nguo ambayo haikuhitajika haiwezi kuwa rafiki wa mazingira, hata uzi wake ukitoka wapi.

Ubunifu wa kweli upo, tena wa kufurahisha, na ningependa niulizwe huo. Kuna uzi unaotiwa rangi plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kabla haujawa uzi, kwa hiyo hatua ya kuchemsha kwenye maji inaondoka. Kuna kutia rangi kwa kaboni dayoksaidi iliyobanwa badala ya maji. Adidas waliuza fulana za namna hiyo mwaka 2012. Kuna urejelezaji wa nguo kuwa nguo: Carbios ya Ufaransa inatumia kimeng'enya kuivunja poliesta irudi kwenye malighafi yake ya mwanzo, na Oktoba 2024 ilionyesha fulana iliyotokana na taka za nguo pekee. Puma, kwa mradi wake wa RE:FIBRE, ilitengeneza jezi za mashabiki za Kombe la Ulaya la 2024 kwa kurejelea taka za viwandani na nguo zilizotumika. Hapa ndipo jezi inapopewa pa kurudi bila kuinyang'anya chupa njia yake.

Na ninyi mnaoagiza? Haraka haraka. Dai kitambaa cha poliesta tupu, bila elasteni, kwa jezi ambayo haihitaji kuvutika. Ufumaji mzuri unatosha. Chapisha kwa rangi inayoingia ndani ya uzi kwa joto, achana na stika zinazobanduka kabla ya mwezi kuisha. Epuka kitambaa chenye manyoya, kinamwaga nyuzinyuzi nyingi. Usiandike mwaka, usijaze wadhamini. Kwa mazoezi ya kawaida na kwa watoto wa shule ya msingi, pamba inatosha kabisa, na pamba tunalima Simiyu na Shinyanga. Nyumbani: usiloweke usiku kucha, usisugue kwa brashi, anika kivulini, usipige pasi juu ya namba. Harufu ndiyo inayofanya watu watupe jezi mapema. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent wa 2014 ulionyesha fulana za poliesta zinanuka kuliko za pamba baada ya mazoezi kwa sababu baadhi ya bakteria hustawi zaidi juu yake, kwa hiyo fua siku ile ile, usiiache ndani ya begi. Ikichanika kwapani, mpelekee fundi cherehani.

Kwa kamati za mbio nina ombi moja zaidi. Kwenye fomu ya kujiandikisha wekeni kisanduku cha mtu asiyetaka fulana, mpunguzieni ada yake, kisha agizeni kwa idadi ya waliobaki.