Huruma Isiyonyoosha Mkono

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa aliyeungua moto kwenye mazoezi ya viungo hakisahau kilio chake. Mimi nilimpeleka mpwa wangu, aliyemwagikiwa uji wa moto mkononi. Mtaalamu alipoanza kuukunjua mkono ule, mtoto alilia hata mama yake akatoka nje. Siku ya nne tukamwonea huruma, tukamwacha nyumbani apumzike. Kesho yake pia, na wiki iliyofuata. Huruma hiyo imetugharimu, maana leo kiwiko chake hakinyooki.

Kovu la moto lina tabia ya kujivuta na kukaza kadiri linavyopona. Likipita juu ya kiungo kisichochezeshwa, hukifunga kama kamba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kovu nalo ni hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba wakati unaofaa kulinyoosha ndio wakati linapouma zaidi.

Huko Seattle, Marekani, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Hunter Hoffman na David Patterson, walianza kulishughulikia tatizo hilo mwaka 1996. Walitumia kile tunachokiita uhalisia pepe. Mgonjwa huvishwa kofia yenye vioo viwili vidogo mfano wa televisheni, kimoja mbele ya kila jicho. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka, hata ajione yumo ndani yake.

Kwa ajili ya walioungua walitengeneza dunia ya barafu, wakaiita SnowWorld. Mgonjwa hupita katika bonde la barafu huku akiwarushia pengwini matonge ya theluji. Wakati huo huo mtaalamu anaunyoosha mkono wake.

Je, ni kiinimacho? Hata kidogo. Maumivu hutaka kusikilizwa, na ubongo hauwezi kusikiliza kila kitu kwa pamoja. Ukishughulishwa na pengwini, jeraha hubakiwa na nafasi ndogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto na vijana 54, wenye umri wa miaka 6 hadi 19, walifanyishwa mazoezi kwa njia hiyo. Walipoulizwa, vipimo vyao vya maumivu vilikuwa vimepungua kwa asilimia 27 hadi 44. Na nafuu hiyo haikuchakaa walipoirudia siku zilizofuata.

Lakini tusidanganyane. Kofia ile hainyooshi mkono, wala haiondoi haja ya dawa za kutuliza maumivu. Mkono hunyooshwa na mtaalamu, siku baada ya siku. Kazi ya kofia ni kumfanya mgonjwa akubali kurudi kesho.

Basi tusikae kuisubiri. Ukiwa na mgonjwa wa moto, muulize daktari kama anaweza kupewa dawa ya maumivu kabla ya mazoezi. Akiwa mtoto, nenda na hadithi, wimbo au vitendawili, umtegee wakati mkono unanyooshwa. Havina nguvu ya kofia ile, lakini ni afadhali kuliko kumwacha aukodolee macho mkono wake. Zaidi ya yote, usiruke siku.

Tungalimwonea mpwa wangu huruma ya kweli, tusingalimwacha nyumbani. Leo angalivaa shati lake mwenyewe.