Bahari Nayo Yahitaji Mfungo

Kila Kwaresima Mama Kanisa hutufundisha kwamba mtu ajinyimaye kwa muda hapati hasara. Wavuvi wa pwani ya kusini-magharibi ya Madagaska, waitwao Wavezo, wameuonja ukweli huo katika kazi yao. Habari yao yafaa kusimuliwa katika jamaa zetu, hasa kwa wale wakaao kando ya maziwa.

Wavezo huishi kwa bahari. Maji yanapokupwa, wanawake kwa wanaume hutembea juu ya miamba ya matumbawe, mkuki mkononi, wakitafuta matundu ya pweza. Makampuni yalipoanza kumnunua pweza ili kumpeleka Ulaya, mikuki ikaongezeka, na pweza wakachukuliwa wangali wadogo.

Yafaa tujue tabia ya mnyama huyu. Pweza ana mikono minane na mioyo mitatu. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au kupita kidogo, lakini hukua upesi mno. Jike hutaga mayai maelfu na maelfu tunduni, huyalinda bila kula, na yakiisha kuanguliwa hufa. Basi amchomaye akiwa mdogo hupoteza mara mbili: hupata nyama kidogo, tena hukatiza kizazi ambacho hakijazaliwa.

Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, wakisaidiwa na wataalamu wa bahari, walikata shauri kuufunga mwamba mmoja kwa miezi saba. Mwaka 2005 wakaufungua, wakakuta pweza wakubwa kuliko wale wa kawaida. Majirani wakasikia, wakaiga. Mwaka 2006 vijiji zaidi ya 20 viliungana katika chama kiitwacho Velondriake, maana yake kuishi pamoja na bahari. Sheria zao, ziitwazo *dina*, wamezitunga wenyewe barazani. Azivunjaye hutozwa faini.

Je, watoto hula nini wakati wa kufunga? Hapa ndipo penye hekima. Kijiji hakifungi bahari yote, bali kiasi cha robo ya mahali pa kuvulia pweza, kwa miezi miwili au mitatu. Kwingine kazi huendelea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulipima mifungo 36 ya namna hiyo. Mapato ya vijiji hayakupungua sana wakati wa kufunga, na katika siku 30 baada ya kufungua, pato litokanalo na pweza liliongezeka maradufu.

Lakini tusidhani kwamba dawa hii huponya kila ugonjwa. Samaki wengi hukua polepole kuliko pweza. Miezi michache haiwatoshi. Tena, watu wote wakiuvamia mwamba siku ya kufungua, akiba ya miezi huliwa kwa siku chache, na matumbawe huvunjika chini ya miguu yao.

Nasi tunalo la kujifunza. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kusimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, na mwaka 2023 upande wa Kongo ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nia ni njema: dagaa na mgebuka wapate kuzaa. Lakini ziwa zima likifungwa, mvuvi asiye na shamba hana robo tatu zilizobaki kama Mvezo. Kumwambia tu avumilie si haki. Yampasa kushirikishwa katika shauri mapema, na jirani zake wamfikirie kabla chungu chake hakijakauka.

Katika barua yake *Laudato si'* ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitaja bahari na matumbawe miongoni mwa mali ambazo Mungu ametukabidhi sote. Mkabidhiwa si mwenye mali, atatoa hesabu.

Basi, enyi wazazi wavuvi, wekeni akiba wakati wa neema, na mlangoni pa baraza msibaki kimya. Nanyi wanafunzi, wafafanulieni wadogo zenu kwa nini samaki mchanga arudishwe majini. Akiba haiozi, na ile ya majini huzaa.